Pampu iliyowaka kila sekunde 8: kisa cha tanki la presha lililopunguzwa upepo likiwa na maji

Nyumba yenyewe ina watu sita, mabafu mawili, jiko na mabomba mawili ya nje. Maji yanatoka kwenye kisima cha kuchimbwa kwa mashine, kina mita 60, na pampu ya kuzamisha ya kilowati 0.75 (nguvu farasi 1) imening'inizwa mita 50 chini. Juu, katika chumba kidogo kando ya ukuta, kuna tanki la presha la lita 60, aina ya chuma lenye mpira wa ndani. Lilikuwa na miaka minne. Swichi ya presha imepangwa kuwasha pampu presha ikishuka hadi bar 2.0 na kuizima ikifika bar 3.5, yaani takriban psi 30 na 50.

Malalamiko ya kwanza hayakuhusu maji bali taa. Mtu akiingia kuoga, taa za nyumba zinafifia kidogo, zinarudi, zinafifia tena. Baadaye ikaonekana kwamba hata maji ya bafuni yanakuja kwa nguvu kisha yanalegea, kwa mdundo ule ule wa taa. Ukisimama mbele ya swichi unasikia: tak, sekunde mbili, tak, sekunde sita, tak. Pampu inawaka na kuzimika kila sekunde 8.

Fundi wa kwanza aliyeitwa alisema tanki limekufa, linunuliwe lingine la lita 60. Kuhusu kifo alikuwa sahihi. Kuhusu lita 60 alikosea, na sababu ya kifo chenyewe hakuiuliza. Tanki jipya lingefuata lile lile kwenye lundo la vyuma chakavu.

Kilichopimwa kabla ya kugusa spana

Kazi ya tanki la presha si kuhifadhi maji ya siku nzima. Ni kuipa pampu muda wa kupumzika. Ndani kuna upepo upande mmoja na maji upande mwingine, na mpira katikati. Pampu inasukuma maji ndani, upepo unabanwa. Bomba likifunguliwa, upepo unayasukuma maji nje bila pampu kuwaka. Kiasi cha maji kinachotoka kati ya presha ya kuzimia na presha ya kuwakia ndicho kinachoamua kila kitu. Hapa tukiite akiba ya tanki.

Akiba hiyo hupimwa kwa ndoo. Pampu iachwe ijaze hadi izime yenyewe kwenye bar 3.5. Mabomba yote yafungwe. Kisha lifunguliwe bomba moja juu ya ndoo, taratibu, na lifungwe mara tu swichi ikigonga. Katika nyumba hii ndoo ilipata lita moja. Tanki la lita 60 lenye upepo sahihi lingetoa karibu lita 19.

Hata bila ndoo, saa ya mkononi ingetoa jibu lile lile. Pampu hii hutoa lita 40 kwa dakika na bafu linakula lita 10 kwa dakika. Pampu ikiwaka, lita 30 za ziada kwa dakika ndizo zinazoingia tankini: sekunde mbili ni lita moja. Ikizima, bafu linamaliza lita ile ile kwa sekunde sita. Mbili na sita ni nane. Mdundo wa swichi na ndoo vinakubaliana, na vipimo viwili vikikubaliana hakuna haja ya kubahatisha.

Uzito wa jambo lenyewe uko hapa: baadhi ya watengenezaji wa mota za kuzamisha za ukubwa huu huweka kikomo cha kuwaka mara 100 kwa saa 24. Kwa mzunguko wa sekunde 8, mara 100 zinaisha kwa dakika 13 na sekunde 20. Mtu mmoja akioga kwa utulivu anakaribia kumaliza mgawo wa siku nzima wa mota. Kila inapowaka, mota huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule inaoutumia ikishazunguka, ndiyo maana taa zilififia, na joto la mwanzo huo halipati muda wa kuondoka. Kuitoa pampu iliyoungua mita 50 chini ni kazi kubwa mara nyingi kuliko kubadili tanki.

Je, ni tanki kweli? Swichi inayogongagonga ina sababu nyingine mbili zinazofanana sana na hii. Ya kwanza ni kile kibomba chembamba cha robo inchi kinachobeba swichi: kikiziba kwa kutu au matope, swichi inapata habari za presha kwa kuchelewa. Ya pili ni kichujio au vali ya njia moja iliyowekwa kati ya swichi na tanki. Hapo swichi inasoma presha ya bomba tupu na si ya tanki, na hata tanki jipya kabisa halitasaidia. Hapa hapakuwa na kichujio katikati. Kichujio kilikuwa baada ya tanki, kuelekea nyumbani, mahali pake panapostahili. Kibomba cha swichi kilikuwa na kutu nusu ya tundu, lakini hiyo peke yake haielezi lita moja ndooni.

Jibu la mwisho lilitoka kwenye valvu ya upepo, ile iliyo juu ya tanki inayofanana na ya tairi la gari. Brekia ikazimwa, bomba la kutolea maji likafunguliwa hadi maji yakakoma, kisha pini ya valvu ikabonyezwa kwa ncha ya bisibisi. Kama ungetoka upepo dhaifu, mpira ungekuwa bado mzima na kazi ingekuwa kujaza upepo tu. Yalitoka maji, ya rangi ya chai. Maji yakitoka kwenye valvu ya upepo, mpira umepasuka. Hapo hakuna mjadala. Anayejaza upepo kwenye tanki la namna hii atapata nafuu ya siku chache, mabomba yatakohoa hewa, na upepo wote utaondoka na maji.

Ni nini kilichoupasua

Miaka minne ni michache kwa mpira wa tanki. Ubavuni mwa tanki kulikuwa na karatasi iliyobandikwa, imeandikwa kwa kalamu nene: "Upepo 1.8", na chini yake tarehe tatu, moja kila mwaka. Kwa hiyo tanki hili halikutelekezwa. Lilihudumiwa kila mwaka, na namba iliyoandikwa ni sahihi: upepo wa tanki unatakiwa uwe chini kidogo ya presha ya kuwashia pampu, bar 0.15 hadi 0.2, yaani psi 2 au 3. Kwa swichi inayowaka kwenye 2.0, ni 1.8.

Huduma yenyewe ilikuwa hivi. Brekia inazimwa kwa usalama. Geji ya upepo wa tairi inawekwa kwenye valvu. Inasoma 3.5. Mhudumu anaona upepo umezidi, anabonyeza pini, upepo unatoka kwa mluzi hadi geji isome 1.8. Anafunika valvu, anaandika tarehe, anawasha brekia. Maji hayakutolewa hata mara moja.

Geji haikudanganya. Ila tanki likiwa na maji, upepo na maji husukumana kupitia mpira kwa nguvu sawa, na geji upande wa upepo husoma presha ya maji tu. Ingesoma 3.5 tanki likiwa na upepo mwingi, ingesoma 3.5 likiwa na upepo kiduchu. Kipimo cha upepo kina maana maji yakiwa yametoka yote na bomba la kutolea likiwa wazi.

Tufuate hesabu, kwa sababu madhara yake ni makubwa kuliko yanavyodhaniwa. Katika hesabu hizi kila presha huongezwa 1, kwa ajili ya hewa inayotuzunguka. Tanki la lita 60 lenye upepo sahihi wa 1.8, maji yakifika 3.5, upepo hubanwa hadi lita 37 hivi na mpira hubeba lita 23 za maji. Huo ndio mnyumbuko mpira uliotengenezewa. Sasa mtu anatoa upepo hadi 1.8 wakati zile lita 23 za maji zimefungiwa ndani. Upepo uliobaki ni lita 37 zenye presha ya 1.8. Maji yakitoka na upepo ukapata nafasi yote ya lita 60, presha yake halisi ni 0.74 tu. Karatasi inasema 1.8, tanki lina 0.74.

Pampu ikiwaka na kujaza hadi 3.5, mpira sasa unabeba karibu lita 37 badala ya 23, na akiba inashuka kutoka lita 19 hadi 12 hivi. Nyumba haioni tofauti. Mwaka wa pili huduma inarudiwa vile vile: upepo halisi unashuka hadi karibu sifuri, bar 0.08, mpira unabeba lita 46 katika tanki la lita 60, na akiba ni lita 7. Baada ya huduma ya tatu, upepo ni mdogo kiasi kwamba hata bomba la kutolea likifunguliwa kabisa, lita 20 hivi zinabaki ndani ya mpira. Hakuna cha kuzisukuma nje. Mpira haurudi tena kwenye umbo lake. Umetanuka mchana na usiku, umejigandamiza kwenye chuma, na kila pampu inapowaka unasuguliwa.

Tanki hili lilikuwa la aina yenye bamba la duara chini lililofungwa kwa boliti sita, kwa hiyo mpira uliweza kutolewa. Ulichanika kwenye mkunjo karibu na shingo, urefu wa kidole. Kingo za mpasuko zilikuwa laini, si za kuchanwa na kitu chenye ncha, na mpira kuuzunguka umepauka na kuwa mwembamba kama wa puto. Sehemu nyingine zote zilikuwa bado nene na nyeusi. Chuma cha ndani, ambacho hakikukusudiwa kuguswa na maji, kilikuwa na magamba ya kutu.

Kwa nini hakikununuliwa kipande cha mpira peke yake, maadamu boliti zinafunguka? Mpira mpya ungeingia, lakini magamba yale yangeuchubua. Tena ukubwa wa tanki haukufaa tangu siku ya kwanza.

Ukubwa unaofaa

Mota ndogo ya kuzamisha inatakiwa, kila inapowaka, izunguke angalau dakika moja mfululizo ili ipoe kwa maji yanayoipita. Kwa hiyo akiba ya tanki isipungue kiasi cha maji ambacho pampu hutoa kwa dakika moja. Ukubwa wa nyumba na idadi ya watu havihusiki sana hapa. Kinachohusika ni pampu.

Utoaji wa pampu ulipimwa kabla ya kufungua chochote. Bomba la kutolea maji karibu na tanki lilifungwa mpira wa bustani, likafunguliwa kiasi kwamba geji ikatulia karibu 2.7, katikati ya 2.0 na 3.5, pampu ikiwaka bila kuzima. Ndoo ya lita 20 ilijaa kwa sekunde 30. Ni lita 40 kwa dakika. Usitumie namba ya kwenye katoni ya pampu; hiyo ni ya kina kingine na presha nyingine.

Akiba inakokotolewa hivi. Upepo wa tanki 1.8 ongeza 1, ni 2.8. Gawanya kwa presha ya kuwashia ikiongezwa 1, yaani 3.0: unapata 0.933. Gawanya 2.8 hiyo hiyo kwa presha ya kuzimia ikiongezwa 1, yaani 4.5: unapata 0.622. Tofauti ni 0.311. Tanki lenye swichi ya 2.0 na 3.5 hutoa asilimia 31 ya ukubwa wake, basi. Lita 40 zinazohitajika, zigawanywe kwa 0.311, ni tanki la lita 129. Likachukuliwa la lita 150, ambalo akiba yake kwa hesabu ni lita 46 na ushei.

Tanki la zamani, hata likiwa jipya, lilikuwa na akiba ya lita 19. Mabomba yakiwa yamefungwa, pampu ililijaza kwa sekunde 28. Halikuwahi kuipa mota ile dakika yake.

Kulitoa la zamani

Brekia ya pampu ilizimwa, kisha testa ikaguswa kwenye vichwa vya nyaya ndani ya swichi kuhakikisha hakuna umeme. Hita ya maji ya moto nayo ilizimwa, kwa sababu nyumba ikikaukiwa na hita ikiwa inawaka, kipashio chake huungua kwa dakika chache. Koki ya kuelekea nyumbani ikafungwa, bomba la kutolea maji likafunguliwa.

Sindano ya geji ilishuka ikasimama kwenye 0.4, na maji yalikuwa yamekoma. Geji nzee hukwama. Amini bomba lililo wazi, usiamini sindano.

Tanki lenye mpira uliopasuka halitoi maji yake yote kwa kufungua bomba tu, kwa sababu sehemu ya maji iko nje ya mpira na mpira huziba njia. Hili lilikuwa na uzito wa karibu mtu mzima. Kiini cha valvu kilifunguliwa na kutolewa ili hewa iingie, na bado yalitoka maji kidogo tu. Dawa ikawa kurudisha kiini na kusukuma upepo kwa pampu ya baiskeli, taratibu, hadi maji yaliyojificha yakasukumwa nje kupitia mpasuko. Ilichukua nusu saa. Ni afadhali nusu saa hiyo kuliko kuinua kilo 60 za maji katika chumba chembamba, huku mabomba ya kisima yakiwa pembeni yakingoja kuvunjwa.

Yunioni, kiungo cha bomba kinachoweza kufunguliwa, ilikuwa imeshika kutu. Hapa zinatakiwa spana mbili: moja ishike bomba lisizunguke, nyingine ifungue. Anayetumia moja hupeleka nguvu yote kwenye tii (kiungo cha njia tatu chenye umbo la T) na bomba linalotoka kisimani, na ufa anaousababisha hujitokeza wiki moja baadaye.

Kuliweka jipya

Kwenye tii ya shaba vilibadilishwa vitu vitatu kwa pamoja: geji, kile kibomba cha robo inchi, na swichi. Swichi ilikuwa bado inafanya kazi, lakini pointi zake zilikuwa nyeusi na zimeliwa, jambo la kutarajiwa baada ya kuwaka maelfu ya mara. Pointi hizo hufunikwa kwa tabaka jembamba la fedha. Anayezisugua kwa msasa analitoa tabaka hilo, na haziishi muda mrefu baada ya hapo. Vali ya usalama ilijaribiwa kwa kuinua mkono wake, ikafunguka na kufunga vizuri, ikaachwa. Presha yake lazima iwe juu ya 3.5 ya kuzimia na chini ya kikomo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha tanki.

Kabla tanki jipya halijagusa maji, valvu yake ilipimwa. Ilisoma 2.6. Viwanda hujaza upepo kwa ajili ya usafirishaji na kwa swichi zenye presha kubwa zaidi, si kwa ajili ya nyumba yako. Lingefungwa hivyo, maji yangeisha ndani ya mpira presha ikifika 2.6, wakati pampu haiwaki hadi 2.0: bafuni maji yangekatika ghafla, kisha yangerudi kwa kishindo. Upepo ulitolewa hadi 1.8. Huu ndio wakati mwepesi kuliko wote wa kupima, tanki likiwa halina hata tone.

Tanki lilisimamishwa juu ya matofali mawili yaliyosawazishwa kwa pima maji, ili kitako kisikae kwenye unyevu. Bomba lisibebe uzito wa tanki hata kidogo. Likijaa maji litakuwa limeongeza karibu kilo 57, na kiungo kilichobeba hata sehemu ya uzito huo kitavuja. Nyuzi za kiume zilizungushiwa tepu ya tefloni mizunguko saba, kwa mwelekeo wa kukaza, kuanzia uzi wa pili ili vipande vya tepu visiingie ndani ya mfumo. Yunioni yenyewe haiwekewi tepu kwenye nyuzi zake; hufunga kwa nyuso zake mbili au kwa oringi, yaani pete ya mpira.

Dawa ya klorini wengi huiruka, wakati mfumo umefunguliwa na mikono imeingia. Kisima hakikufunguliwa, hivyo ilihitajika dozi ya tanki tu. Tanki hili likijaa hubeba lita 57 za maji, na kwa miligramu 50 kwa lita inatosha mililita 60 za dawa ya kufulia yenye klorini asilimia 5, isiyo na manukato. Haiwezekani kuimimina mdomoni mwa tanki, kwa sababu upepo umeubana mpira pale pale mdomoni. Ilichanganywa na nusu lita ya maji na kumiminwa kwenye tii kupitia tundu la swichi kabla swichi haijafungwa. Koki ya nyumba ikiwa imefungwa, maji ya kwanza kutoka kisimani yaliisukuma yote ndani ya tanki. Ikakaa usiku kucha, asubuhi ikatolewa kupitia bomba la kutolea, kwa mpira wa bustani, mbali na mimea, hadi harufu ikaisha.

Waya wa ethi ulirudishwa kwenye swichi kwanza kuliko nyaya nyingine. Halafu brekia ikawashwa, macho kwenye geji. Sindano ilipanda kwa haraka hadi 1.8, kisha ikapunguza mwendo na kupanda polepole hadi pampu ikazima. Badiliko hilo la mwendo ni la kutazamwa kwa makini: linatokea pale maji yanapoanza kuubana upepo, na hivyo linaonyesha upepo halisi wa tanki bila kifaa chochote. Likitokea kwenye 0.7, unajua tayari kuna tatizo.

Swichi mpya ilizima kwenye 3.8. Nati kubwa yenye springi ndefu hupandisha au kushusha presha zote mbili kwa pamoja; nati ndogo hugusa ya kuzimia peke yake. Kuwasha kulikuwa sahihi, 2.0, kwa hiyo iliguswa ndogo tu, nusu mzunguko kwa wakati, brekia ikizimwa kila mara kabla mkono haujaingia. Mizunguko miwili ilileta 3.5.

Kupima upya, na tone lililokuwa likitoka

Ndoo ilirudi. Kutoka kuzima hadi kuwaka zilitoka lita 45. Hesabu ilisema 46 na ushei. Mabomba yakiwa yamefungwa, pampu ilijaza kwa sekunde 67. Bafu likiwa wazi, pampu inafanya kazi dakika moja na nusu na kupumzika dakika nne na nusu. Pale ilipowaka mara 450 kwa saa, sasa ni mara 10.

Ila usiku, watu wote wakiwa wamelala, pampu iliwaka saa saba, na tena saa kumi. Lita 45 zinapotea kwa saa tatu, robo lita kwa dakika. Kabla ya hapo haikuonekana, kwa sababu pampu ilikuwa ikiwaka wakati wote na hapakuwa na mtu wa kuhesabu. Kuvuja kwa namna hii kuna pande mbili: nyumbani, au kurudi kisimani kupitia vali ya njia moja iliyochoka. Koki ya nyumba ilifungwa na geji ikaangaliwa kwa saa nzima. Haikusogea. Vali ya kisimani ikawa nzima, na pampu haikuhitaji kutolewa. Kivujaji kilikuwa choo cha bafu la pili, mpira wa chini wa tanki la kusukumia haukai sawasawa. Rangi ya chakula iliyotiwa kwenye tanki la choo ilionekana bakulini ndani ya dakika kumi.

Karatasi ya zamani ilibanduliwa. Mpya ina mistari minne: brekia izimwe, koki ya nyumba ifungwe, maji yatolewe hadi yakome na bomba liachwe wazi, ndipo upepo upimwe: 1.8. Chini yake pameandikwa lita 45 na sekunde 67, ili mwakani, kabla hata valvu haijafunuliwa, ndoo na saa viseme kama kuna kilichobadilika.